Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa kwaya,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mazoezi ya Jumamosi pale Kirumba yaliendelea, harusi tuliimba, misiba tulihudhuria, safari ya Bujora ilifanyika, kinanda kimetengenezwa.

Niende kwenye lililozua maneno: uamuzi wa kamati kuingiza muziki wa michoro, yaani ule unaoandikwa kwa michoro badala ya nota, kwenye onyesho letu. Nimeambiwa mwenyekiti "anawaimbisha watu picha". Najibu, maana wengi wa wasemaji hata mazoezini hawakufika.

Kazi yenyewe ni ya Mmarekani Earle Brown, inaitwa December 1952. Ni ukurasa mmoja tu: vistari na vistatili vyeusi, vingine vimelala, vingine vimesimama, vinene kwa vyembamba, vimetawanyika kwenye weupe. Hakuna mistari mitano ya nota, hakuna do wala re. Karatasi unaigeuza upande wowote na kuanzia popote. Basi wenzetu wakadai kwamba maana yake kila mtu aimbe atakavyo. Hapana! Tulikaa tukapatana: kilicho juu ni sauti ya juu, kinene ni nguvu, kirefu ni kushikilia. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye solfa, zile do-re-mi, humtoa jasho, aliusoma mchoro ule mara moja akaimba. Fundi wetu mmoja wa tenari alibaki ameshika karatasi akiuliza juu ni wapi.

Wala si wazimu wa mtu mmoja. Mmarekani mwingine, Morton Feldman, mwaka 1950 aliandika Projection 1 kwa visanduku, akamwachia mpiga selo achague nota mwenyewe, ilimradi awe juu, kati au chini kama ilivyoonyeshwa. Stockhausen, Mjerumani, mwaka 1956 alitoa Klavierstück XI: vipande 19 kwenye karatasi moja kubwa, mpiga piano anarukia kile jicho lilipoangukia, na kipande kikifikiwa mara ya tatu kazi imekwisha. Mwingereza Cornelius Cardew alichora Treatise, kurasa 193, bila maelekezo. Hiyo nayo niliipendekeza. Kamati ikakataa, muhtasari upo. Na mnaosema ni mambo ya Wazungu, niambieni ni nani aliyewahi kumwandikia manju wa Kisukuma, yule kiongozi wa ngoma, dakika ya kumaliza wimbo wakati watu bado wanacheza?

Gharama zote, fotokopi, soda na nauli, ni shilingi 84,000, na kwanza nilizitoa mfukoni mwangu. Sikusikia shukrani.

Sasa mahudhurio. Wanachama ni 52, waliolipa ada ni 21, deni la ada ni shilingi 740,000, benki tuna 163,500, na mkutano wa Juni uliahirishwa kwa kukosa akidi. Mvua si sababu; daladala za Nyegezi na Igoma zilikuwa zinatembea. Wanne kati ya waliopaza sauti zaidi kwenye kundi la WhatsApp kuhusu "fedha za chama" hawajachangia fedha hizo hata senti.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata mfadhili, spika mpya na vijana zaidi. Namna yake kamati itaangalia.

Mhazini yuko pale mlangoni na kitabu cha risiti. Mlango wa nyuma umefungwa.