Kwa mdogo wangu unayeongea na simu usiku

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniambia kwamba tangu tumzike mama, ukishalaza watoto unaongea na programu ya kwenye simu, na kwamba inakuelewa kuliko sisi ndugu zako. Sikulaumu. Nafuu unayoipata ni ya kweli, na hukuianza wewe. Mwaka 1966, huko Marekani, Joseph Weizenbaum alitengeneza ELIZA, programu iliyokuwa ikichukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Katibu wake, ambaye alimwona akiiunda miezi yote, alipoanza kuiandikia alimwomba bosi wake atoke chumbani kwanza. Za leo zimepitishwa kwenye maandishi ya watu wengi mno, rambirambi zikiwemo, ndiyo maana hazikosi la kumwambia mfiwa.

Lakini ngoja nikusimulie ya tembo wa Samburu, Kenya. Oktoba 2003, Eleanor, jike aliyeongoza familia yake, alianguka. Grace, kiongozi wa familia nyingine kabisa, akamkimbilia, akampapasa kwa mkonga na mguu, kisha akamwinua kwa pembe zake. Eleanor akasimama kwa muda mfupi, akaanguka tena. Watafiti wa Iain Douglas-Hamilton, mtaalamu wa tembo, waliona familia ya Grace ikiendelea na safari, yeye akabaki pale akilia na kumsukuma ainuke, mpaka giza likaingia. Eleanor alikufa siku ya pili. Siku zilizofuata wakaja tembo wa familia mbalimbali, hata wasio ndugu zake, wakasimama penye mwili wake.

Grace alikuwa na pa kwenda, na hakwenda. Hilo ndilo ninalotaka ulione. Programu ukikesha nayo hadi saa nane haipotezi usingizi, wala kesho haitasinzia kazini kwa ajili yako. Mama mdogo alilala kwako mkekani matanga yote, na magoti yake yale, genge lake la mboga likiwa limefungwa. Najua hakuwa na maneno mengi. Alikuwepo tu, kila ulipoamka.

Simu endelea nayo ukitaka. Ila hayo unayoiambia kuhusu siku za mwisho za mama wodini, nami nilikuwepo, na sijapata wa kumwambia. Ijumaa nikitoka kazini nakuja kulala kwako. Usipike, nitapitia samaki.

Dada yako