Saidi kaka, rename() imenilia picha za harusi

Saidi kaka, mambo vipi huko Morogoro? Mama mpe shikamoo yangu, mwambie na ule mchele umefika salama. Sisi huku Tanga wazima, ila mwenzio wiki hii nimekonda kwa mawazo, na sababu ni kile kiprogramu changu cha lugha ya C cha kubadili majina ya picha kwa fanksheni inayoitwa rename(), kile ulichokijaribu kwako ukaniambia kiko poa. Kaka, kimekula picha za harusi ya dada Zuhura.

Ngoja nianze mwanzo maana kwenye simu nilikuwa na hasira nikawa naropoka tu. Siku ile tulipiga mimi na dogo, kamera mbili, zote Nikon, zote majina yanaenda DSC_0001, DSC_0002 hivyo hivyo mpaka mwisho. Kadi yangu ilikuwa na picha 386, ya dogo 351. Nikataka zote ziingie folda moja niliyoipa jina zote, zikiitwa harusi_0001.jpg na kuendelea, si unajua mteja akiona DSC anahisi hujamaliza kazi.

Mara ya kwanza nikaiambia programu itoe picha kwenye kadi moja kwa moja iziweke kwenye diski. Ikagoma picha zote, kila mstari "Invalid cross-device link". Hiyo ndo EXDEV, kosa la kutaka kuvuka kutoka diski moja kwenda nyingine. Nikaitukana weee, kumbe siku hiyo ilikuwa inanihurumia. Unajua rename() haihamishi kitu, haigusi hata baiti moja ya picha. Jina halikai ndani ya faili, linakaa kwenye folda, na folda ni kama daftari la mahudhurio tu, jina upande huu na namba upande ule, ile namba ndo wanaita ainodi. Ukiita rename() keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inafuta jina hapa inaandika jina pale, namba inabaki ile ile, ndo maana video ya GB 8 inabadilika jina haraka sawasawa na kifaili cha mistari miwili. Piga ls -i, amri ya kuorodhesha mafaili na namba zao, kabla na baada utaona namba haijasogea. Sasa kadi ina daftari lake na diski ina lake, namba ya huku kule haina maana yoyote, kwa hiyo inakataa. Ukitumia mv, ile amri ya Linux ya kuhamisha faili, hulioni hilo kwa sababu mv ikipigwa EXDEV inakopi kimya kimya halafu inafuta ya zamani.

Na hapo hapo ndo jibu la lile swali lako, kwa nini kwenye ile mashine yako ya zamani ya Linux uliweza kubadili jina la faili ambalo hata kulisoma huruhusiwi. Ruhusa inayoangaliwa ni ya kuandika kwenye daftari, yaani folda, faili lenyewe haliulizwi. Isipokuwa sehemu kama /tmp, folda ya mafaili ya muda, ambako wameweka ile stiki biti, alama ya kuzuia watu kugusa mafaili ya wenzao, kule mpaka faili au folda iwe yako.

Haya, nikakopi kadi zote mbili kwenye diski, folda kadi1 na kadi2. Dogo akaona zimeshakopiwa, akaifomati ile kadi yangu akaenda nayo kupiga watu picha za pasipoti. Mimi nikarudi kwenye lupu yangu, inasoma namba kwenye jina la zamani, inatengeneza jina jipya, halafu inaita rename(), na ikishindwa perror inaandika kosa:

    if (rename(zamani, mpya) != 0) perror(zamani);

Ikapita yote. Hamna kosa hata moja. Nikajiona fundi, nikaenda zangu kunywa chai, narudi napiga ls zote | wc -l kuhesabu mafaili ya folda ile, inaniambia 386. Nikapiga tena. 386. Zilitakiwa 737 kaka. Nikafungua harusi_0001.jpg, ya kwangu ya kwanza nakumbuka kabisa ilikuwa bibi yake Zuhura amesimama mlangoni kashika kanga mkononi, sasa naangalia naona sufuria la pilau. 0001 ya dogo hiyo. Picha ya 2, pilau kwa mbali. Picha ya 3, mpishi. Nikahisi mikono inaganda.

Yaani kadi2 ilivyoingia, kila namba iliyokuta jina tayari lipo ikalikalia. rename() kwenye Linux haiulizi, haionyi, inarudisha 0 maana kwa upande wake kazi imefanyika vizuri kabisa! Na ndo kinachoniuma zaidi, kuwa nilikuwa naangalia makosa kwa perror kama nilivyofundishwa na hakukuwa na kosa la kuangalia.

Sasa usijilaumu kwamba ulisema kiko poa, wewe ulikijaribu kwenye Windows. Kule rename() ya C ikikuta jina jipya lipo inakataa, mpaka utumie MoveFileEx, fanksheni ya Windows yenyewe, na uipe MOVEFILE_REPLACE_EXISTING. Nimeenda kusoma, kumbe C yenyewe haijaamua, inasema tu jina jipya likiwa lipo basi ni juu ya mfumo uliopo. POSIX, ile kanuni ya mifumo ya jamii ya Unix kama Linux, ndo iliyoamua kwamba linafutwa na nafasi yake inachukuliwa. Hivyo programu moja, mistari ile ile, kwako mlinzi kwangu jambazi.

Nilitaka nimlaani aliyebuni hiyo tabia lakini nimekaa nikafikiri, jamaa alikuwa na hoja. Zamani Unix haikuwa na rename() ya keneli, ulikuwa unafanya link() kulipa faili jina la pili halafu unlink() kuondoa la kwanza, umeme ukikatika katikati unabaki na faili lina majina mawili, na kama ulitaka kubadilisha faili lililokuwepo ilibidi kwanza ulifute, kwa hiyo kuna muda fulani jina halipo kabisa. rename() ilikuja na 4.2BSD, toleo la Unix la Berkeley, mwaka 1983, na faida yake ni kwamba anayefungua jina lile ataona faili la zamani zima au jipya zima, hakuna katikati. Programu nyingi zinasevu hivyo, zinaandika kwenye faili la pembeni, zinapiga fsync() kulazimisha data iandikwe kwenye diski, halafu rename() juu ya lile la zamani. Na hiyo fsync() usiiruke, 2009 ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, ilipoanza kutumika watu walizimikiwa na mashine wakakuta mafaili yao ya seting yana baiti sifuri, jina lilishabadilishwa ila data ilikuwa bado haijaandikwa kwenye diski. Wakaweka kiraka kwenye keneli cha kuwaokoa wasiopiga fsync, lakini usikitegemee.

Kwa hiyo kwa kusevu seting ni dawa, kwa kupanga picha ni sumu. Mimi wazo langu la kwanza lilikuwa niangalie kwa access() kama jina lipo ndo niite rename(), halafu nikaona ni ujinga, kati ya kuangalia na kuita programu nyingine inaweza kuingia hapo katikati ikaandika jina lile lile. Dawa yenyewe ni hii:

    renameat2(AT_FDCWD, zamani, AT_FDCWD, mpya, RENAME_NOREPLACE)

Jina likiwa lipo inarudisha -1 na errno, ile namba ya kosa, inakuwa EEXIST, yaani jina lipo tayari, na kuangalia na kubadilisha vyote anafanya keneli kwa mkupuo mmoja. Iko toka Linux 3.15 ya 2014, ila glibc, maktaba ya C ya Linux, imeipa fanksheni yake kwenye toleo la 2.28, mwaka 2018, kwa hiyo ile mashine yako ya zamani usishangae ikikataa kukompaili. Juu kabisa weka #define _GNU_SOURCE, na fcntl.h usiisahau. Nyingine za hivi hivi ni RENAME_EXCHANGE, mafaili mawili yanabadilishana majina, sijapata kazi nayo ila naipenda tu. Na kilichonichekesha, nimeiendesha mv chini ya strace, chombo kinachoonyesha programu inaiomba nini keneli, nikakuta mv yenyewe inaanza kuita renameat2 na NOREPLACE ndo ifikirie mengine. Wenzetu walishaungua kabla yetu.

Picha sasa. Kadi ya dogo ilikuwa bado nzima, kwa hiyo kilichopotea ni 351 zangu za mwanzo. Nikamnyang'anya ile kadi iliyofomatiwa, nikamwambia asipige hata moja tena, nikaipitisha kwenye PhotoRec, programu ya kufufua picha zilizofutwa, usiku kucha. Imerudisha 342, zote zinaitwa f0012-sijui-nini, majina hayakupona. Nimezibadili tena majina, safari hii na NOREPLACE na kopi mbili pembeni.

Zilizobaki ni tisa, na ni zile za mwanzo kabisa, pasipoti za dogo zimekaa juu yake. Ni pale nyumbani kabla gari hazijaondoka, na ya bibi mlangoni imo humo. Zuhura bado sijamwambia. Sasa kaka, wewe ulikuwepo pale nje, nakumbuka ulikuwa umeinua simu juu wakati bibi anatoka, angalia hata kama ni video ya sekunde kumi nitumie. Usitumie WhatsApp inaharibu, weka kwenye flashi umpe yule konda wa basi la asubuhi. Na majina usiyaguse, yaache hivyo hivyo yalivyo.

Mdogo wako,
Rama