Mweleze mwanao habari za Siti

Mdogo wangu,

Juzi ulinipigia sauti ikitetemeka: binti yetu, miaka 14, hataki tena kuitika jina la bibi. Ati la kishamba, wenzake shuleni wanamcheka. Ukataka mimi mama yake mkubwa nimkanye. Sitamkanya. Mkalishe chini, umweleze habari za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja.

Usianze na sifa, hizo watoto huzisikiliza huku wanapiga miayo. Anzia Fumba, Unguja, miaka ya 1880, nyumbani kwa mfinyanzi. Mtoto kazaliwa, kaitwa Mtumwa. Mwache alitamke jina hilo kwa mdomo wake mwenyewe, kisha unyamaze kidogo. Wazazi walikuwa wa uzao wa watumwa, na jina likamtangaza mtoto kabla hajafungua kinywa. Alipokua alijitwika vyungu vya mama yake kwenda kuvinadi, na watu wakaanza kuijua sauti kabla ya kumjua mwenyewe.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Akafundishwa kuimba, akasoma Kurani, akaitwa Siti, jina la mwanamke mwenye heshima. Naam, jina alilibadili. Binti yetu atalidaka hapo hapo, nawe usibishane naye. Mkubalie, halafu muulize: na mengine je, aliyatupa?

Hapa usiwe na haraka. Taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, kilekile cha wanunuzi wa vyungu, akaimba na madhila yao, hata hukumu za mahakamani zilizowaonea wanyonge. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na Kiswahili chake akaenda nacho. Mahasidi walimtungia kijembe kwamba kaja mjini na kaniki, ile nguo nyeusi ya kimaskini, kama si sauti angekula nini. Kaniki hakuikana. Aliwajibu kwa wimbo kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Natamani kila msichana wa umri ule alijue jibu hilo kabla hajakutana na mcheka wake wa kwanza.

Ijumaa nakuja. Nitamletea ile kanga ya bibi, yenye doa la manjano pembeni pale alipokuwa akifutia mikono. Asipotaka kuivaa, basi, aishike tu. Na nitamwita kwa jina analolitaka yeye.

Dada yako