Barua ya wazi kwa vijana wa supamaketi, Unguja na Pemba

Wanangu, assalaam alaykum.

Wengi wenu mnaotaka kufika kwenye kiti cha mkurugenzi mtendaji huuliza kwanza wasomee nini. Someni, hakuna ubaya. Lakini Doug McMillon, aliyeshika uongozi wa Walmart, kampuni ya supamaketi ya Marekani, mwaka 2014, alianza 1984 kwa kushusha mizigo ghalani. Msimdharau mtu wa stoo. Pesa ya duka huvujia mlangoni kwake.

Mzigo ukitoka bandarini Malindi, usitie saini mpaka uhesabu katoni, ulinganishe na ankara, kisha uvute mbili tatu za chini ya rundo utazame tarehe ya mwisho. Za juu huwa nzuri siku zote! Kinachokwisha muda mapema kikae mbele ya rafu, hata kama kimeingia jana. Unga uwe juu ya chaga, mbali na ukuta, hasa masika.

Hesabu nayo. Ulichonunua 2,000 ukauza 2,500, faida ni 25% ya bei ya kununulia, lakini 20% tu ya mauzo. Meneja asiyejua hilo hutangaza punguzo la 20% akidhani kimebaki kitu. Kimebaki nini, na umeme na mishahara bado?

Kubwa zaidi ni siku. Stoo ikiwa na mali ya milioni 60 kwa bei ya kununulia, na kwa mwezi inatoka ya milioni 20, mzigo unalala siku 90. Msambazaji anadai siku ya 30. Siku 60 zilizobaki nani anazibeba? Ukizibeba kwa mkopo, kisha ukafungua tawi Chake Chake kwa pesa za wasambazaji, siku watakapokataa kuleta mali rafu zitakuwa tupu, na mteja hangoji. Nakumatt ya Kenya, yenye matawi zaidi ya 60, iliangushwa na madeni namna hiyo.

Na Ramadhani msiagize tende na sukari kwa mauzo ya mwezi uleule wa kizungu wa mwaka jana. Mfungo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Linganisheni kumi la Ramadhani hii na kumi lilelile la Ramadhani iliyopita, kwa mwezi wa Kiislamu.

Kabla ya kuomba cheo, ombeni idara moja yenye hesabu yake: mauzo, vilivyoharibika, siku za mzigo. Ikitimia miezi 12, pelekeni daftari hilo kwa wakubwa.

Wasalaam,
Mzee wenu, Mlandege