Barua ya wazi kwa wabunge vijana wa Kanda ya Ziwa: vitabu kwanza

Wanangu, mwangaluka.

Nawaandikia kutoka Nyakato, Mwanza. Nimewasikia redioni mkiulizia bei ya pamba, vivuko na nyavu za wavuvi. Endeleeni, mlichaguliwa kwa hayo. Ila lipo jambo ambalo sijawasikia mkiligusa, nalo linaninyima usingizi: siku mkuu wa Serikali atakapokataa kuwajibu, mtafanya nini?

Zamani nilikuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa pamba. Tulimwomba mwenyekiti vitabu vya mapato. Akasema viko kwa mhasibu. Mhasibu akasema viko kwa mwenyekiti. Tulipouliza mara ya tatu, mwenyekiti alisimama akatuuliza kama siku hizi tunamwona mwizi. Tukainamisha vichwa. Alikuwa ametuzidi umri, na watoto wa baadhi yetu walikuwa wamesoma kwa msaada wake. Tukaahirisha kikao. Msimu uliofuata watu walileta pamba yao ikapimwa, wakapewa stakabadhi, na wako ambao hadi leo hawajaona hata senti. Wala hatukuwa na haja ya kumwita mwizi. Tulitakiwa tumwambie, "Mzee, heshima yako iko palepale, na vitabu tunavitaka kesho asubuhi." Kikao kile sijajisamehe.

Ndiyo maana naisoma Katiba ya 1977 kwa jicho la mtu aliyeshindwa kudai vitabu. Ibara ya 63 inalipatia Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Tazameni kusimamia kulivyotangulia kushauri. Halafu fungueni ibara ya 143, inayohusu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali. Taarifa yake anampa Rais, na Rais anatakiwa kuhakikisha inafika bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kianze. Rais asipofanya hivyo, Mdhibiti anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Walioandika maneno hayo walijua kwamba iko siku mkubwa anaweza kuikalia karatasi, wakaacha mlango wa pili wazi.

Milango mikubwa zaidi ipo. Ibara ya 53A inaruhusu kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, hoja ikiungwa mkono kwa saini za asilimia 20 ya wabunge wote. Ibara ya 46A inahusu kumshtaki Rais mwenyewe, na hiyo ni nzito: saini hizohizo za asilimia 20, theluthi mbili ya wabunge wote ili kamati maalumu ya uchunguzi iundwe chini ya Jaji Mkuu, na theluthi mbili tena ili aondolewe. Ugumu huo ni halali. Kiongozi wa nchi hang'olewi kwa hasira za wiki moja.

Lakini msidhani nguvu yenu inaanzia kwenye kura. Aprili 2012 zilikusanywa saini za kutaka kumpigia Waziri Mkuu Pinda kura hiyo, zikapita 70. Kura haikupigwa. Hata hivyo, mwezi uliofuata Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri, na mawaziri kadhaa waliotajwa kwa ubadhirifu wakaachwa nje. Miaka minne kabla ya hapo, kamati teule chini ya Dkt. Mwakyembe ilisoma taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Mara zote mbili kilichotangulia ni nyaraka, mashahidi na majina yaliyoandikwa kwa wino.

Hapo Richmond nina neno jingine, na wenzangu wengi hawalipendi. Lowassa alilalamika kwamba kamati haikumwita kumsikiliza. Mimi naona lalamiko lake lilikuwa na uzito. Hata mtu mnayeamini ana makosa, mwiteni, akae kitini, ajibu. Akikataa kuja, kukataa kwake kuandikwe kwenye taarifa.

Afrika Kusini iwe funzo kwenu. Mlinzi wa Umma, yaani ofisa wa kuchunguza makosa ya viongozi, Thuli Madonsela, aliagiza Rais Zuma arudishe sehemu ya fedha za umma zilizotumika kwenye makazi yake ya Nkandla. Zuma hakulipa, na Bunge likapitisha maamuzi ya kumwondolea deni. Tarehe 31 Machi 2016 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba Rais alikiuka Katiba, na Bunge nalo lilikiuka kwa kushindwa kumwajibisha. Mbunge aliyenyamaza alihesabiwa upande wa aliyekaidi.

Najua kinachowafunga. Mawaziri wanatoka miongoni mwenu, na anayesubiri unaibu waziri huwa mpole sana anapouliza. Chama kikimfukuza mbunge uanachama, na kiti kinaondoka. Siwalaumu kwa kuogopa, niliogopa kwa jambo dogo kuliko hilo. Ninachowaomba ni msiende mmoja mmoja. Pelekeni madai yenu kupitia kamati, kwa barua, yenye tarehe ya mwisho. Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge inaziruhusu kamati kuita mashahidi na kudai nyaraka. Tarehe ikipita, semeni ukumbini, iingie kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Kikao kinachofuata, ulizeni lilelile, kwa sauti ileile, bila matusi.

Nakala yangu ya Katiba imekunjwa kona kwenye ibara hizi nilizozitaja. Atakayeihitaji aje nyumbani kabla hajapanda basi la Dodoma, nitampa.

Baba yenu,
Nyakato, Mwanza