Usikubali Walikate Hilo Chujio

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na watoto. Huku hatujambo, na mama anatembea vizuri sasa. Anakusalimu sana.

Nimesikia habari ya gari lako. Taa ya chungwa haizimi, gari halivuti ukikanyaga mafuta, na fundi anasema dawa ni moja tu: alikate lile pipa la ekzosi, atoe vilivyomo, achomelee, kisha kompyuta ya gari idanganywe ili taa izimike. Kabla hujamjibu, nisome mpaka mwisho. Mwaka jana mimi nilisimama hapo hapo ulipo, na nusura nikubali.

Pipa hilo ni chujio la masizi, ndilo mafundi wanaloliita DPF. Ndani mna kauri yenye vitundu vyembamba kama sega la nyuki, na kila kitundu kimezibwa upande mmoja. Moshi hauna njia ila kupenya kwenye kuta za kauri. Hewa inapita, masizi yanabaki. Yakikaribia kujaa, gari lenyewe linaongeza dizeli kidogo ili joto ndani ya chujio lifike kama nyuzi 600, masizi yaungue. Kazi hiyo inataka gari litembee kwa mwendo bila kuzimwa, tuseme dakika kumi na tano au ishirini. Wewe unatoka Tabata mpaka Kariakoo kwenye foleni, unazima. Jioni unarudi vile vile. Linaanza kujichoma, unalikatisha. Miaka miwili hiyo, mwenzangu, lisizibe kwa nini?

Tena dizeli ile isiyoungua huteremka pembeni mwa pistoni ikaingia kwenye oili. Hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, chomoa kijiti cha oili uangalie. Ikiwa oili imepanda juu ya alama ya juu na inanuka dizeli, usiliendeshe hata kwenda sokoni mpaka oili ibadilishwe. Oili iliyozimuliwa hailindi injini, na injini ni ghali kuliko chujio.

Kwa nini nakataa likatwe? Masizi yale usipoyashika wewe, yanaingia vifuani mwa watu: abiria wa bodaboda aliye nyuma yako, mama anayekaanga mihogo kituoni, wanao wakivuka barabara. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Unakumbuka kikohozi cha baba, miaka yote ile ya kupakia malori. Daktari hakusema ni moshi, nami sisemi. Lakini tangu nifungue chujio langu nikaona kilichokuwa ndani, siwezi kuipulizia barabara kitu kile kwa makusudi.

Sasa kuosha. Kwanza tafuta kilicholiziba, maana ukiosha bila kujua sababu utarudi pale pale. Kwangu ilikuwa ni mpira wa turbo uliopasuka. Hewa ikapungua, moshi ukawa mzito. Kwa mwingine ni nozeli zinazovuja, au oili isiyo yake. Na kuna sensa ya mkandamizo, inayoiambia kompyuta kama chujio limeziba, yenye vijibomba viwili vinavyotoka kwenye chujio. Wakati mwingine kilichoziba au kupasuka ni kimojawapo cha hivyo, chujio halina kosa. Anza hapo, ni kazi ya nusu saa.

Kama ni chujio kweli, lazima litolewe. Zile dawa za kumimina kwenye tangi husaidia masizi kuungua, lakini jivu la oili haliungui kamwe, na gari langu lilikuwa limeshatembea kilomita 148,000. Tulilifungua mimi na mdogo wangu Salimu, injini ikiwa imepoa usiku kucha. Bolti zilikuwa na kutu. Tulizipaka mafuta ya kulegeza tangu jana yake, na bado moja ilikatika. Sensa za joto zitoe taratibu, hizo zinavunjika upesi. Vaa barakoa na glavu. Usiligonge pipa hata kidogo, kauri inapasuka.

Tulilipima kwenye mizani ya dukani kwanza. Kisha tukapuliza kwa kompresa, upepo mdogo, kutoka upande wa kutokea moshi kuelekea upande wa kuingilia. Hilo ndilo la kushika: kila kitu kinyume na njia ya moshi, ili uchafu urudi ulikoingilia. Tukalilaza usiku kucha kwenye dawa ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya machujio haya. Jirani alishauri petroli, mwingine maji ya betri. Usithubutu. Petroli itawaka chujio likipata joto, na asidi inakula madini yaliyopakwa kwenye kauri. Mashine ya kuoshea magari nayo ina nguvu mno. Mpira wa kumwagilia bustani unatosha.

Asubuhi tukafungulia maji. Mwanaidi, yalitoka meusi tii kama wino, beseni baada ya beseni, halafu kijivu, halafu yakaanza kuonyesha rangi ya maji. Saa nzima. Usiyaache yaende mtaroni wala kwenye mchicha wako. Sisi tuliyakinga kwenye madumu, tukampa yule anayekusanya oili chafu.

Halafu subira. Siku mbili juani, mdomo chini, mpaka likakauka kabisa, kwa sababu kauri yenye maji ikipigwa na joto inapasuka. Kwenye mizani lilikuwa limepungua gramu 140. Tukalirudisha kwa gasketi mpya, tukabadilisha oili na chujio lake, kisha fundi wa mashine ya kupima akafuta hesabu ya masizi kwenye kompyuta. Akitaka kulichoma kwa lazima gari likiwa limesimama, iwe nje, mbali na majani makavu, na baada ya kuosha tu. Likiwa limejaa, masizi yote huwaka kwa pamoja yakayeyusha kauri.

Siku hiyo hiyo nikaenda mpaka Segera na kurudi bila kuzima. Taa haijawaka tena hadi leo. Ila sasa kila wiki mbili nalitoa gari barabara kuu, hata kama sina safari.

Mwisho wa mwezi nakuja Dar kwenye harusi ya binti wa mama mdogo. Nitabeba spana na ile soketi ndefu ya sensa. Wewe nunua oili tu, iliyoandikwa DL-1 au C3 (ni alama za oili yenye jivu kidogo), kufuatana na kitabu cha gari lako kinataka ipi, na gasketi. Mwambie fundi asubiri. Na hicho kijiti cha oili, usiache kunipigia kesho uniambie umeona nini.

Wako,
Rehema