Chuma hakipimwi kwa tani peke yake

Ndugu Mhariri,

Kurasa za uchumi hupenda kupima viwanda kwa tani. Nchi fulani imezalisha tani kadhaa za chuma, nyingine imeipita, na mjadala unaishia hapo. Naomba nafasi niseme kwamba kipimo hicho kinaacha nje hatua inayobeba sehemu kubwa ya thamani, nayo ni kufua chuma. Tani ya chuma ghafi na tani ya krankishafti (mihimili ya injini inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) zilizofuliwa zina uzito uleule. Nchi inayouza ya kwanza na kununua ya pili imewaachia wengine ajira, ujuzi na faida.

Kwa wasiowahi kuingia kwenye karakana ya kufua, kazi yenyewe ni hii. Pande la chuma huwekwa tanuruni mpaka lifike nyuzijoto 1,200 hivi za Selsiasi, rangi yake iwe ya manjano inayoelekea weupe. Likitolewa, magamba meusi hubanduka juu yake, na kabla halijapoa hupigwa kwa nyundo au hubanwa na mashine ya haidroliki. Jambo kubwa hutokea ndani, pasipoonekana. Chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa tu huganda kikiwa na chembe kubwakubwa na vitundu vidogo. Kipigo huzivunja chembe hizo, huziba vitundu, na huilaza mikondo ya chuma ifuate umbo la kifaa. Ukiipasua krankishafti iliyofuliwa kwa urefu wake, ukaisugua ing'ae na kuipaka tindikali, utaiona mistari hiyo ikipinda katika kila kona, kama nyuzi za mbao zinavyozunguka kifundo cha tawi. Iliyochongwa kutoka kwenye pande nene mistari yake imekatwa katika kona hizohizo, na ufa ukija huanzia hapo.

Watu wamekufa kwa sababu ya ufa wa namna hiyo. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ya injini ya treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilivunjika, mabehewa yakapandana na kuungua, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Baada ya ajali hiyo wahandisi walianza kuchunguza kwa makini kwa nini chuma kinachoonekana kizima huchoka na kukatika, na kwa nini namna ya kufua ekseli ina uzito katika jambo hilo. Reli isingeweza kubeba biashara ya dunia bila ekseli na magurudumu ya kuaminika. Alfred Krupp wa Ujerumani alilielewa hilo. Mapema miaka ya 1850 alibuni tairi la chuma la gurudumu la treni lisilo na kiungo, akaziuzia kampuni za reli hadi Marekani, na pete tatu zilizopandana zikawa alama ya kampuni yake.

Kabla ya hapo, mwaka 1839, James Nasmyth alichora nyundo ya mvuke kwa sababu hakukuwa na nyundo iliyoweza kufua mhimili mnene uliotakiwa kwa meli ya Great Britain. Mpango wa meli ulibadilishwa na mhimili ule haukufuliwa, lakini nyundo ilibaki, na kazi zilizokuwa ndoto kwa wahunzi wa mkono zikawa za kila siku. Meli kubwa, injini kubwa na mizinga mikubwa vilifuata nyuma yake.

Serikali zilizolielewa hili hazikusubiri soko liamue. Kuanzia mwaka 1950 Marekani, ikiwa imeona mashine kubwa za kubania chuma zilizojengwa Ujerumani wakati wa vita, ilitumia dola milioni 279 za wakati huo kujenga mashine 10 kubwa. Mbili kati yake zina nguvu ya tani 50,000 kila moja. Ile iliyoko Cleveland, jimboni Ohio, ilipopata nyufa mwaka 2008, wenyewe walitumia takribani dola milioni 100 kuifufua badala ya kuitupa, kwa sababu vipande vikubwa vya ndege vinavyopita hapo haviwezi kufuliwa kwenye karakana yoyote tu. China nayo ilijenga mashine ya tani 80,000 huko Deyang. India ilianza kwa unyenyekevu zaidi: kampuni ya Bharat Forge ilianzishwa mwaka 1961, na leo krankishafti na ekseli zake zimo ndani ya malori yanayoundwa Ulaya na Marekani.

Uingereza imetoa funzo la upande wa pili. Mwaka 2010 serikali mpya ilifuta mkopo wa pauni milioni 80 ambao Sheffield Forgemasters ingeutumia kupata mashine ya tani 15,000. Mwaka 2021 serikali ililazimika kuinunua kampuni yenyewe na kuahidi hadi pauni milioni 400 za kuitengeneza, maana nyambizi zake za nyuklia zinategemea vipande vinavyofuliwa hapo.

Simaanishi kila kitu kifuliwe. Bloku ya injini humiminwa, na krankishafti za magari mengi madogo siku hizi ni za kumimina, nazo zinadumu. Wala simaanishi kila nchi ikanunue mashine ya tani 50,000.

Ninachokiona mimi ni kwamba ugumu mkubwa umo kwenye kalibu, yaani umbo la chuma ambamo kifaa hubanwa. Kufua kwa kalibu zilizofungwa, ambako ndiko konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krankishafti), gia na spana hutoka kwa maelfu, kunahitaji mapande mawili ya chuma kigumu sana yaliyochongwa umbo la kifaa kwa ndani. Mchongaji lazima ajue chuma kitatiririkia wapi kikibanwa, kona ipi ipewe mviringo, na ziada itokee wapi. Kalibu ni ghali na huchakaa. Isipofua maelfu ya vipande, gharama yake hairudi. Kwa hiyo hata mtu mwenye mtaji na mashine atafilisika asipokuwa na oda za uhakika. Mashirika ya reli, ya umeme na ya maji yakitangaza mahitaji yao miaka kadhaa mapema, mfuaji anaweza kuthubutu kuchonga kalibu.

Na wakati oda zinasubiriwa, kufua bila kalibu, kwa nyundo bapa na fuawe, hakuhitaji wingi. Mihimili, ndoano za winchi na vipuri vya kinu vinaweza kufuliwa kimoja kimoja. Hapo ndipo vijana hujifunza kukisoma chuma kwa rangi yake. Katika karakana nilizofundisha, waendesha mashine walipatikana kwa urahisi, lakini wachonga kalibu walikuwa wa kuhesabika, na vyuo vingi vya ufundi haviwafundishi kabisa. Maabara za kupima vipande nazo zisisahauliwe kwenye bajeti. Mnunuzi wa ng'ambo hatapokea ekseli isiyo na cheti cha kupimwa kwa mawimbi ya sauti.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Takwimu za uzalishaji wa chuma zikitolewa tena, waandishi wako wawaulize wahusika ni kiasi gani kilitoka kiwandani kikiwa kimefuliwa, na kalibu zilichongwa na nani.

Wako,
Mwalimu wa ufundi chuma